Nilikubali Ubongo wa Mume Wangu Ujaribiwe Dawa

Nina miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili. Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Amani iliporudi nikarejea Burundi na mume wangu Ferdinand, tukalima kwao Mutaho, mkoani Gitega. Leo nawaandikia nikiwa Muyinga kwa kaka yangu, na natumia jicho moja... lingine mume wangu amelipasua!

Ferdinand alikuwa na uvimbe kichwani. Alianguka kifafa mara kwa mara, hadi siku moja hakuzinduka. Hospitalini wakasema apasuliwe haraka. Daktari akaniomba na jambo jingine: kipande watakachokitoa kingekuwa na seli hai za ubongo. Alitaka kuzitia dawa ya chembechembe ndogo mno, aone kama itazidhuru, kabla haijapewa mgonjwa yeyote. Nikakubali. Kingetupwa tu, si bora kisaidie wengine?

Ferdinand akapona! Tulipowaita majirani kushukuru Mungu, nikalisimulia jambo lile kwa fahari. Laiti ningeuma ulimi! Shemeji yangu Zakaria akaachia mrija wa pombe.

"Kumbe we hauko mzima, mukubwa! Kipande ya kichwa yako iko kwa madaktari. Wakiichoma kule, we utasikia huku!"

Watu walicheka. Mume wangu hakucheka.

Tangu hapo, kila kichwa kilipomuuma alisema kule wanamtia sumu. Akisahau jina la mtu, kofi. Akikosa jembe lake, teke. Alinivunja mbavu mbele ya watoto, akinidai nimrudishie ubongo wake!

Nikamwendea daktari. Akaniambia majaribio yamekwisha: dawa haikuzidhuru seli zile, na baadaye zilikufa zenyewe, maana hazidumu nje ya mwili. Nikarudi mbio na habari njema...

"Zimekufa?" Ferdinand aliuliza taratibu. "Basi umeniua."

Akachukua panga.

Majirani walinikuta nimelala kwenye damu. Yeye yuko gerezani, na bado namlilia. Mnashangaa? Ni mume wangu!

Wasomaji wenzangu, sina ugomvi na dawa ile, huenda kesho itamponya mtoto wenu. Lakini nawasihi, msiusemee mwili wa mtu. Kwa majaribio, mwambieni daktari asubiri mwenyewe azinduke, ajibu kwa kinywa chake.

Na wewe dada unayepigwa, usihangaike kumtafutia mumeo maelezo. Beba watoto uondoke angali anatumia mkono mtupu!