Neno Ndani ya Kola

Lifti ya jengo lile ilikuwa ya watu wanane. Asubuhi hiyo waliingia kumi na watatu, na wa mwisho alikuwa msichana aliyebeba robota la kitambaa begani. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu lifti ikaguna, ikatikisika, ikasimama.

"Mungu wangu," mama mmoja akasema. "Hivi fundi wa hii lifti yuko wapi?"

"Niko hapa," akajibu kijana mrefu aliyebanwa pembeni.

Watu wakamgeukia.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Na umekwama na sisi?"

"Niliingia kuisikiliza inavyolia."

"Haya, umeisikia," akasema msichana wa robota.

Watu wakacheka, hata waliokuwa wameanza kuomba. Kijana akanyoosha mkono kufungua kifuniko cha juu, na mkono wa shati lake la buluu ukanasa kwenye chuma, ukachanika mpaka kwapani.

"Vua," msichana akamwambia.

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Kwani una nini wasichokijua? Nina sindano na uzi. Mpaka utupeleke juu nitakuwa nimemaliza."

Akavua. Akabaki na fulana na bisibisi, huku msichana akishona amesimama wima, uzi akiukata kwa meno. Alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri, na utepe wa kupimia ulining'inia shingoni kama mkufu. Lifti ilipofika ghorofa ya nne shati lilikuwa limekwisha, na kijana alikuwa anatafuta kisingizio.

"Nikulipe nini?"

"Itengeneze lifti. Tuna mwenzetu wa kiti cha magurudumu. Ikiharibika tunambeba ngazi nne, naye njia nzima anatutukana."

"Jina lako nani?"

"Kazi yangu pindo. Niite hivyo hivyo."

Akamwita Pindo tangu siku ile. Pindo naye akamwita Fundi.

Nisizunguke: wale wanawake wa ghorofa ya nne walikuwa wachawi. Kibao cha mlangoni kiliandikwa MAFUNDI WA NGUO, na nguo kweli walishona. Lakini mwanamke akija akafunga mlango nyuma yake, akaongea kwa sauti ya chini, walimshonea na kingine. Walishona neno moja ndani ya nguo yake, kwa uzi wa rangi ya kitambaa, herufi ndogo kuliko punje ya mchele. Muuguzi aliyefuatwa na mwanamume kila akitoka kazini alishonewa NIACHE, na yule mwanamume akaacha. Msichana wa mitihani alishonewa KUMBUKA. Mke aliyepigwa alishonewa TOKA, naye akapata miguu ya kutokea.

Sharti lilikuwa moja: humshonei mtu bila kumuuliza. Na gharama ilikuwa moja: neno ukilishona umelitoa. Linakwenda na mwenye nguo, na wewe kinywa chako hakilisemi tena maisha yako yote, kwa namna yoyote ile.

Mwenyekiti, yule wa kiti cha magurudumu, aliyejipa cheo hicho mwenyewe, alikuwa ametoa neno "pole". Ndiyo maana watu walimwona hana adabu msibani. Shangazi, dada wa baba yake Pindo na mwenye chumba, alikuwa ametoa karibu yote. Miaka arobaini alimshonea mume, akawashonea watoto wa kiume watatu. Mume alikufa mzee, kitandani, ngozi haina hata kovu. Watoto walikuwa nchi za mbali, wazima, matajiri. Walipompigia simu, Shangazi aliishika sikioni, akapumua tu. Alibakiwa na maneno kumi na moja, na alijua idadi yake.

Pindo alimwona kila siku. Alikuwa ametoa maneno mawili tu, na aliapa hatazidisha kwa ajili ya mwanamume yeyote.

Lakini Fundi alipiga simu kila asubuhi.

"Habari ya pindo?"

"Salama. Habari ya shimo la lifti?"

"Shimo lipo. Linakusalimia."

"Liambie sina urafiki nalo."

"Lina wivu, mpenzi. Nikiwa ndani nakuwaza wewe, linanitikisia kamba."

"Fundi! Usinitanie hivyo."

Aliacha kutania siku mwenzake alipoanguka. Lilikuwa jengo la jirani, ghorofa saba kwenda chini. Pindo alikwenda naye kumzika, na alipomwona mjane amekaa chini, mikono imelala mapajani kama ya mtu aliyesahau kazi yake, hofu ikamfunga akili. Jioni ile Fundi aliacha shati lake la buluu kwake abadilishiwe kifungo. Pindo akabadilisha kifungo. Kisha akaifumua kola kidogo, akashona ndani yake: RUDI.

Hakumuuliza. Angemuulizaje bila kumwambia yeye ni nani?

Asubuhi yake mteja mmoja alikuja kupimwa. Pindo akataka kumwambia siku ya kuchukua nguo, akafungua kinywa, pakawa patupu.

"Njoo tena Ijumaa," akasema.

Mwenyekiti akageuza kiti chake polepole.

"Umetoa neno. Umemshonea nani?"

Pindo akainamia kitambaa chake.

"Yule wa lifti? Umemuuliza?"

"Nitamwambia."

"Lini? Siku ya harusi? Wewe mtoto, sisi tunakataza watu kushikwa bila ridhaa yao, halafu wewe unamshona mtu shingoni kama lebo!"

"Nilitaka tu awe anatoka mule ndani mzima."

Mwenyekiti alitaka kumwambia pole, ikashindikana. Akamshika mkono.

Fundi alikuwa na dada mkubwa aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa, na mpaka leo alikuwa akimpigia pasi. Jumapili moja ncha ya pasi ikakwaruza kwenye kola. Dada akafumua, akavaa miwani, akasoma.

"Mdogo wangu, njoo hapa. Nani anashika nguo zako?"

"Kwa nini?"

"Soma."

Akasoma. "Rudi," akasema. "Kurudi wapi?"

"Wapi tena? Kwake! Umefungwa wewe. Ndiyo maana kila siku uko ghorofa ya nne kama una ofisi kule. Mwanamume mzima anaitwa kwa uzi!"

"Dada, mimi nampenda."

"Utajuaje kama unampenda au unavutwa?"

Swali hilo lilimwingia vibaya. Dada akauchomoa uzi, akauchoma kwa kiberiti kwenye kisosi, ukaungua kwa harufu ya nywele.

"Kamjaribu," dada akasema. "Aliyefunga mtu kwa neno hawezi kulitamka. Mwambie alitamke mbele yako. Akiweza, nitapiga magoti nimwombe radhi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Dada alikuwa amesikia jambo la kweli, lakini maana yake hakuijua.

Fundi aliingia ghorofa ya nne bila hodi, shati lenye kola iliyofumuliwa mkononi. Chumba kilikuwa na wateja watano, na bibi harusi juu ya kigoda anapimwa gauni.

"Umenifanya nini, wewe?"

"Fundi, tutoke nje tuongee."

"Sitoki. Ulishona neno humu. Litamke."

"Nilishona kwa ajili ya shimo. Yule mwenzako alipoanguka..."

"Litamke tu! Neno moja. Nikilisikia naomba radhi, tunacheka, yanakwisha."

Pindo akafungua kinywa. Kila mtu alimwona. Midomo ikajipanga, koo likatikisika, isitoke hata pumzi. Machozi yakatoka badala yake.

"Siwezi," akasema.

"Kumbe kweli." Sauti ya Fundi ilishuka, na afadhali angepiga kelele. "Kumbe mimi sikupenda. Nilivutwa tu, kama lifti. Mchawi mkubwa wewe."

"Mchawi ndiyo," Mwenyekiti akasema. "Lakini punguza sauti, tuna wateja."

Hakuna aliyecheka. Bibi harusi aliteremka kigodani na pini zake mwilini, akaondoka. Mpaka jioni jengo zima lilikuwa limejua. Fundi alishuka ngazi mbili mbili, na Pindo alisimama juu, mkono kwenye chuma cha ngazi, na neno pekee lililokuwa linafaa kumwita halikuwepo. Alipiga simu. "Njoo nikueleze," alisema, mara tatu, nne, lakini aliyesikia ilikuwa simu iliyokatwa.

Wiki ya pili Fundi aliteleza shimoni. Mkanda ulimshika baada ya mita tatu, akavunjika kifundo cha mkono. Alikaa nyumbani mwezi mzima, na asubuhi zote za mwezi huo alijishika akitaka kupiga simu kuuliza habari ya pindo. Uzi ulikuwa umeungua zamani. Alichokuwa nacho kifuani kilibaki palepale. Lile swali la dada lilijijibu, na aibu ikamzuia kwenda kusema.

Siku aliyorudi kazini, lifti ya jengo lile ilikwama. Aliyekuwa ndani alikuwa mmoja.

"Nani huko?" akauliza kupitia mlango.

"Mwenyekiti."

Bisibisi ya Fundi ikasimama.

"Umenyamaza nini? Umekuja kuokoa mchawi au nikae humu mpaka Krismasi?"

"Nafungua. Nina mkono mmoja, ni dakika ishirini."

"Vizuri. Dakika ishirini zinanitosha."

Akamwambia yote, yeye ndani ya chuma, Fundi nje na bisibisi. Akamwambia neno likishonwa linakwenda wapi. Akamwambia kwa nini Pindo hakuweza kulitamka, na kwamba hataliweza tena hata afike miaka mia. Akamwambia habari za Shangazi na simu za watoto wake. Milango ilipofunguka Fundi alikuwa amekaa sakafuni.

"Wateja wamebaki wangapi?" akauliza.

"Wanaokuja kwa siri bado wanakuja. Wa harusi wamekwisha. Mwisho wa mwezi tunahamia chumba cha nyuma, ghorofa ya chini. Mimi nashukuru, sitahitaji lifti yako." Akamtazama mkono uliofungwa. Kuna neno alitaka kumwambia. "Basi panda juu," akasema badala yake.

Pindo alikuwa kwenye cherehani, amevaa gauni lile lile la kijani. Shangazi alikuwa dirishani, simu sikioni, akimsikiliza mwanawe wa mbali.

"Habari," Fundi akasema.

"Salama." Hakuinua macho. "Mwenyekiti hana breki, najua."

"Nisamehe. Nilimsikiliza dada. Wewe sikukuuliza."

"Na mimi sikukuuliza wewe. Nilikushona kama mto. Nimekusamehe siku nyingi."

"Basi nakuuliza sasa." Akapiga magoti, mkono wa bandeji kifuani. "Unioe, nikuoe, vyovyote utakavyopenda. Nirudi? Huna haja ya kulisema. Itikia kwa kichwa tu, mpenzi."

Shingo ya Pindo ilitaka. Ilitaka kuliko ilivyowahi kutaka kitu. Akaishika kwa mkono, kama mtu anayeshika mlango kwenye upepo.

"Ukiingia shimoni nitashona," akasema. "Najijua."

"Nitaacha lifti. Nitauza viatu."

"Utavuka barabara?"

"Barabara nitavuka, ndiyo."

"Utapata homa?"

Fundi akacheka na machozi yakimtoka. "Kila mtu anapata homa."

"Basi nitashona. Tukipata watoto nitashona. Mpaka siku utakayoniuliza kama nakupenda, nami nitapumua tu." Alimwelekeza dirishani kwa macho. "Yule hakulazimishwa na mtu. Alipenda tu."

"Usishone, basi! Sitaki maneno yako. Nakutaka wewe."

"Na mimi ni nini, Fundi, bila hayo maneno?"

Shangazi alikuwa ameshusha simu. Alimtazama binti wa kaka yake kwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema. Lilikuwa mojawapo ya yale kumi na moja, na hakuongeza lingine.

Fundi akasimama. Akakosa pa kuweka mikono.

"Vua shati," Pindo akasema.

"Hapa?"

"Hapa." Walikaribia kucheka wote wawili. "Safari hii nakuuliza kabla. Nataka kukushonea moja la mwisho, la shimoni. Unataka?"

"Litakugharimu."

"Nimekuuliza unataka au hutaki. La kwangu nalitoa nikipenda."

Akawaza kamba, na mita tatu zile, na dada yake aliyekuwa akimsubiri kila jioni mlangoni. "Nataka," akasema. "Neno gani?"

Pindo alilitafakari kinywani kwanza.

"Salama," akasema taratibu.

Akashona. Herufi sita, uzi wa buluu. Fundi alisimama na fulana yake kama siku ile, isipokuwa hapakuwa na watu wa kucheka. Alipomrudishia shati walishikana vidole kidogo chini ya kitambaa, kisha wakaachana. Fundi alishuka kwa ngazi.

Kampuni ilimhamishia majengo mengine. Ana miaka kumi sasa mashimoni, na hajapata hata mkwaruzo. Kila shati likichakaa, dada yake anaihamisha kola kwenye shati jipya kwa mkono wake mwenyewe, na hasemi kitu.

Pindo yuko ghorofa ya chini, chumba cha nyuma. Wanawake wanakuja, anawashonea, lakini kwa zamu na wenzake, asizidi neno moja kwa mwaka. Ukipita asubuhi msalimie. Mwulize habari. Atakutazama kidogo, sindano ikiwa hewani, kisha atasema nzuri. Mwulize tena, atasema njema, atakutania, atakusimulia mpaka uchoke. Maneno mengine bado anayo.