Shuka la Vipande

Ting! Ting! Ting! Kijiko kiligonga kikombe chumbani. Fundi alisimamisha cherehani.

"Abee, Mama! Nakuja!"

Mama mkwe wake alikuwa kitandani mwezi wa pili sasa. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande mmoja. Kila alipoita, Fundi aliacha kazi katikati. Wiki ile alishona mkono wa kushoto wa gauni kwenye bega la kulia. Mteja alicheka mpaka akakaa chini.

"Nafunga cherehani," Fundi alimwambia mumewe. "Sina mikono minne mimi."

Asubuhi moja aliona doa kwenye nyonga ya mama mkwe. Lilikuwa jeusi kuliko ngozi yake, tena lina joto. Alilisugua kwa mafuta. Likazidi. Akamwita jirani yao, muuguzi.

"Usilisugue, dada. Kidonda kinaanza." Muuguzi alipitisha kiganja kitandani, akakisimamisha. "Hii nini?"

"Shuka. Nimemuungia mwenyewe, kwa vipande nilivyochagua."

"Zuri kweli. Lakini amelalia mshono."

Fundi aliupapasa mshono kwa vidole.

"Usimseme," mama mkwe alisema taratibu. "Alinishonea kwa mapenzi."

"Simsemi, Mama. Dada, tandika shuka laini, kavu, lisilo na mikunjo. Mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Weka mto katikati ya magoti. Ngozi ikichubuka, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo."

"Kila saa mbili! Basi kazi yangu imekwisha."

"Kwa saa mbili unashona nini?"

"Kola. Au mikono miwili."

"Si ushone kola, basi?"

Fundi alimtazama. Kesho yake alitandika shuka laini, akakata vipande vyote vya gauni na kuandika kila kimoja kwa chaki. Akashona kola, akamgeuza mama. Akashona mikono, akamgeuza tena. Usiku mumewe alishika zamu. Mama mkwe alichagua vifungo kwa mkono wake mzima.

"Hiki hapana," alisema. "Utamzeesha mtoto wa watu."

Baada ya wiki mbili, doa lilikuwa limefifia. Yule mteja alirudi, akavaa gauni, akazunguka mbele ya kioo. Likamkaa sawasawa.

Fundi aliingia chumbani. "Ahsante, Mama. Zamu zako za kugeuzwa ndizo zilizonipangia siku."

"Ahsante tupu? Wateja wote wanashonewa. Mimi je?"

Fundi alicheka, akamshika mkono.

"Gauni linalofuata ni lako, Mama. Litafunguka mbele lote, nikuvalishe bila kukuumiza. Nakuahidi."