Jina Mwishoni mwa Kitabu

Mkononakili ulichovya kalamu ya tete kwenye wino, ukaikung'uta ukingoni mwa kidau, ukaanza mstari mpya. Ulikuwa mkono wa chuma chepesi usio na bega, umefungwa kwenye meza karibu na dirisha, na vidole vyake viliusikia ugumu wa karatasi kama vidole vya mtu visikiavyo joto la kikombe. Haukuchapa. Uliandika. Ulikuwa umefundishwa mwandiko wa mtu mmoja tu, ukajua pale anapoikaza kalamu na pale anapoilegeza, hata ile tabia yake ya kuinua kidogo mkia wa herufi ya mwisho.

Mtu huyo alikuwa ameketi pembeni, mikono yake ameificha chini ya shali.

"Mkono huu unaandika vizuri kuliko mimi," alisema Profesa Bihram.

"Unaandika kama wewe, Meku. Wewe wa zamani," alijibu Aikande, akajuta papo hapo.

Aikande alikuwa mhandisi kijana aliyeiunda mashine hiyo katika karakana ya chuo. Alimwita Meku, kama Wachagga wanavyowaita wazee wao, na Profesa aliipenda heshima hiyo kuliko cheo chake.

Profesa Bihram alizaliwa Amara, kusini mwa Iraki, katika jamii ya Wamandai. Ni watu wa dini kongwe ambao hawabatizwi mara moja tu. Hurudi mtoni maisha yao yote, na maji lazima yawe yanatembea. Vita viliwatawanya, kisha ukame ukamalizia. Mto wa kwao ulipogeuka mtaro wa chumvi, baadhi yao walihamia Moshi. Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa imekwisha zamani, lakini huko juu msituni wahandisi walikuwa wametandaza nyavu za mawingu, nyuzi laini zilizokamua ukungu kuwa maji, na mito ya mlimani ilikuwa imeanza tena kupiga kelele.

Kwa miaka mingi Profesa alivitafuta vitabu vya watu wake katika masanduku ya wakimbizi wa kila bara. Aikande alimtengenezea kisomakunjo, mashine iliyosoma gombo kuukuu bila kulikunjua, na pamoja wakavichapisha vitabu hivyo ili vijana waliozaliwa ugenini wavisome. Hakuna aliyelalamika. Lakini kitabu cha mtoni, chenye sala za ubatizo, kilikuwa jambo jingine. Hicho sharti kinakiliwe kwa mkono, na mwandishi ajitakase kwa maji kabla ya kugusa kalamu. Akimaliza, huandika jina lake na jina la mama yake, halafu hunakili maneno ya wote waliomtangulia: nani alinakili kutoka kwa nani, na lolote waliloongeza. Mmoja alilalamikia mbu. Mwingine alimlilia mwanawe aliyekufa kwa tauni. Haliachwi hata neno moja.

Kitabu cha mtoni cha Moshi kilikuwa kimepukutika. Kuhani Shitil alimwomba Profesa anakili kipya, na Profesa akaitikia haraka, kwa sababu aliona haya kusema kwamba mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka na haikuweza tena hata kufunga vifungo vya shati. Isitoshe, kulikuwa na haraka. Binti yake Anhar na mumewe walikuwa wamepata kazi kwenye kituo cha Mwezini, na wangeondoka na mtoto wao mchanga. Mwezini maji huzunguka kwenye mabomba. Hakuna mto. Anhar alitaka mtoto abatizwe kwanza.

Kwenye ukurasa wa mwisho mkono wa chuma ulisimama hewani. Kioo kidogo mezani kikauliza: Jina la mwandishi?

Aikande alimtazama mzee. Mzee alitazama dirishani.

"Weka langu," alisema. "Bihram, mwana wa Simat."

"Meku, si itakuwa..."

"Weka, binti yangu. Nimekuomba."

Aikande alilibonyeza kwenye kioo. Mkononakili ukainama, ukalichora jina lile kwa upole, na mkia wa herufi ya mwisho ukainuka kidogo.

Jumapili asubuhi Wamandai walikusanyika kando ya Mto Karanga, wote wakiwa na mavazi meupe. Aikande alisimama nyuma, karibu na viatu vya watu. Kuhani Shitil aliingia majini na fimbo yake ya mzeituni, kisha akakifunua kitabu kipya, akapekua kurasa.

"Angalieni mwandiko huu," alisema hatimaye. "Mimi nilifikiri mikono ya namna hii ilizikwa pamoja na baba zetu."

"Sasa ataringa mwaka mzima," alisema Anhar, akimpakata mtoto. "Chai atataka aletewe kitandani."

"Mletee," alisema Kuhani. "Mletee na mkate. Bihram, njoo unishikie kitabu. Aliyekiandika ndiye hukishika siku ya kwanza."

Profesa aliingia majini. Alitoa mikono yake chini ya shali, akakipokea kitabu, na kitabu kikaanza kutikisika. Kurasa ziligongana kama mabawa ya ndege aliyeshikwa. Alijaribu kukibana kifuani. Kikatikisika na kifua.

"Ni baridi," mtu mmoja alisema.

"Baridi gani? Ni furaha," alisema mama mmoja mzee, huku akijifuta macho. "Mwacheni. Amebeba kazi ya babu zake."

Aikande alitamani ardhi immeze. Aliona uso wa Profesa ukibadilika, si kwa aibu ya kugunduliwa, kwa maana hakuna aliyemgundua. Kila mtu alikuwa tayari kumtafutia sababu nzuri.

"Si furaha," alisema Profesa. "Sikukiandika mimi. Kimeandikwa na mashine. Jina tu ndilo langu, na hata hilo sikuliandika."

Mto uliendelea kupita. Kuhani Shitil alikichukua kitabu kutoka mikononi mwake, akakifunga.

"Soma tu," alisema Anhar. "Kuhani, nakuomba. Maneno ni yaleyale."

"Maneno ni yaleyale, mwanangu. Ila siwezi kumwombea mtoto juu ya uongo. Na bila kitabu siwezi. Sala nyingine zimeshanitoka kichwani."

"Tunaondoka kesho kutwa."

"Najua."

Anhar alimgeukia baba yake. "Ungeniambia mikono yako ni migonjwa. Tungeomba kitabu kwa wenzetu wa Uswidi, tungeomba Australia. Ulinyamaza ili tukusifu?"

Profesa aliivuta shali juu ya mikono yake. Anhar alimvika mtoto kofia, akapanda ukingo wa mto bila kungoja kushikwa mkono.

Watu walipotawanyika, Aikande alimfuata Kuhani. Hakuwa na mazoea ya kubishana na wakubwa, na sauti yake ilitoka ndogo.

"Kuhani, haya maji nayo yanatoka kwenye mashine. Nyavu zile ni za wahandisi kama mimi. Mbona mto unaukubali?"

Kuhani aliikamua kanzu yake. "Wavu haukuwahi kuniambia kuwa ni wingu," alisema. Kisha akaongeza kwa upole, "Sikulaumu wewe, mama."

Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Chombo cha Mwezini kilipoondoka na mtoto asiyebatizwa, Profesa hakwenda kukiaga. Anhar hakuwa amemwalika. Aikande alimkuta mezani, nywele zikiwa bado mbichi kwa maji ya mtoni, kalamu ya tete mkononi. Mkononakili ulikuwa umefunikwa kitambaa. Herufi za mzee zilikuwa mbaya: nyingine zilipanda, nyingine zilianguka nje ya mstari. Zilisomeka.

"Watarudi baada ya miaka mitatu," alisema. "Nikiwa hai, kitakuwa tayari."

Tangu hapo Aikande alikuja kumsagia wino. Mvua za masika zilipita, za vuli zikapita, na mwandiko ukazidi kuharibika, lakini haukukoma.

Siku aliyofika ukurasa wa mwisho, Profesa aliandika jina lake na la mama yake, kisha hakuanza majina ya waliotangulia. Aliandika mistari mingine, polepole, akipumzisha mkono kila baada ya maneno machache.

"Umeandika nini hapo, Meku?"

"Nilichofanya. Kwamba niliweka jina langu kwenye kazi isiyo yangu, na mjukuu wangu akaondoka bila maji kwa sababu yangu. Atakayenakili kutoka kwangu itabidi akiandike, na atakayenakili kutoka kwake."

"Daima?"

"Maadamu kuna mto."

Aikande aliweka jiwe la kusagia chini. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha.

"Jina lile hukulibonyeza wewe," alisema. "Nililibonyeza mimi."

Profesa angeweza kumwambia kwamba yeye ni mtoto tu, kwamba alitumwa. Hakumwambia hivyo. Alichovya kalamu kwenye wino, akaishika kwa mikono miwili ili itulie.

"Mama yako anaitwa nani?" aliuliza.

"Ndeshi," alisema Aikande.