Kindege cha Mafunjo

"Nereah, nimempata! Yule ndege wako! Niko juu kabisa ya kilima cha Manga. Ona picha!"

Ujumbe wa Mokua uliingia nikitoka kanisani, Nyamira. Miaka sita nimemtafuta kindege huyo, halafu mchumba wangu, fundi wa simu asiyejua kutofautisha njiwa na kuku, ndiye amempata! Harusi yetu ilikuwa imebakisha wiki mbili. Nilifungua picha nikicheka peke yangu.

Alikuwa yeye kweli. Kifua cha manjano, mdomo mwembamba, miguu mikubwa kuliko umbo lake. Kisha nikaangalia alipotua, juu ya bua la mafunjo, kicheko kikakatika. Nikampigia Mokua.

"Uko wapi?"

"Si nimekuambia, Manga, kama kila Jumapili."

"Huyo ndege anaishi ndani ya mafunjo tu, hatoki humo. Manga kuna mafunjo gani?"

"Labda alikuwa anapita..."

"Mokua, mimi nimezaliwa kando ya ziwa. Mafunjo nayajua. Huku yako Sironga tu, kwenye kinamasi. Uko huko. Uko na nani?"

Akashusha pumzi.

"Na mtoto wangu."

Nilikaa kwenye ngazi za kanisa. Watu walinisalimu wakipita, nikaitikia bila kujua naitikia nani.

"Mtoto?"

"Anaitwa Bochaberi, ana miaka saba. Analelewa na nyanya yake hapa tangu mamake aolewe kwingine. Mimi huja kila Jumapili. Niliogopa ukijua utaniacha."

"Kwa hivyo Jumapili zote hizo, Manga ilikuwa uongo?"

"Ndio. Hata leo ningenyamaza. Lakini nilipomwona huyo ndege nikakumbuka vile umemtafuta. Nikashindwa kujizuia."

Nilikuwa na hasira, na bado nilimpenda. Hapo ndipo paliponiuma zaidi.

"Mtoto si kosa, Mokua. Kosa ni kunificha miaka miwili mizima. Harusi isimame kwanza."

"Nereah, tafadhali, tuongee..."

"Mpe simu."

Nikasikia majani yakichakarika, kisha sauti nyembamba.

"Halo? Wewe ndio Anti Nereah? Baba hunihadithia juu yako kila akikuja. Ati unajua ndege wote."

Machozi yakanitoka palepale kwenye ngazi. Muda wote huo mtoto alikuwa ananijua.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Siwajui wote. Hata wewe nilikuwa sikujui. Ngoja hapo hapo na babako, nakuja."