Barakoa ya Ndani

Lango la chuo asubuhi hiyo lilijaa watu kama soko, na wote walikuwa wafagiaji, wapishi na walinzi, maana wenye viti vya kuzunguka walishaambiwa wafanyie kazi nyumbani. Ugonjwa, inaonekana, ulikuwa unawaogopa maskini. Pilipili, jina alilopewa na wenzake kwa sababu ya ulimi wake, alisimama kwenye foleni ya kupimwa joto, gauni la kazi la buluu limepigwa pasi, kilemba cha njano amekilaza upande makusudi. Mpimaji alikuwa mtunza stoo, aliyewekwa pale baada ya mlinzi kuugua.

"Dada, una joto."

"Nimekuja kwa miguu. Ulitaka niwe barafu?"

"Basi kaa kivulini nikupime tena."

Akampima tena, na mara ya tatu bila sababu yoyote.

"Kaka, unapima joto au unatongoza?" foleni ikapiga kelele. Pilipili alicheka mpaka kilemba kikalegea.

Mapenzi yakaanza, ya simu zaidi kuliko ya macho, kwa kuwa kusogeleana kulikatazwa.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula harufu ya dawa."

"Ile barakoa umeivaa?"

"Ndani, na ya kitambaa juu yake, kama ulivyosema. Joto lake, wee!"

"Vumilia. Nakutaka mzima."

Barakoa hizo za ndani, nyeupe za hospitali, mtunza stoo alimletea kila wiki, zimefungwa ndani ya matambara ya kufutia. Pilipili hakuuliza. Alisafisha bweni walimotengwa wanafunzi wagonjwa, akabeba taka zao na kuosha vyoo vyao, akashirikiana na mama mmoja wa makamo aliyeitwa Shangazi na kila mtu, ndiye aliyemfundisha kukamua tambara bila kuumiza kiwiko. Aliamini wote wamepewa sawa. Hata alikuwa akimtania Shangazi kwamba barakoa mbili zitawaua kwa joto, naye Shangazi akicheka tu, akidhani ni mzaha.

Siku moja maji ya ndoo yakamrukia Shangazi usoni, kitambaa kikalowa chapachapa.

"Ivue, Shangazi. Baki na ya ndani."

"Ya ndani ipi, mwanangu?"

Pilipili akamtazama. Akawatazama wenzake wote waliokuwa kwenye korido, na vitambaa vyao vilivyokatwa kwenye mapazia chakavu ya bweni. Hakuna aliyekuwa na ya ndani. Na Shangazi tayari alikuwa anakohoa, akisema ni vumbi tu.

Wiki hiyohiyo Shangazi akapelekwa hospitali. Pilipili akampigia simu mtunza stoo.

"Stoo kuna maboksi ya barakoa?"

"Yamejaa hadi dirishani."

"Ya nani?"

"Ya wahadhiri, watakaporudi. Afisa utawala amesema asiguse mtu."

"Wahadhiri wako nyumbani wanafundisha kwenye kompyuta! Wataambukizwa na kioo?"

"Mpenzi, zako niliziiba humo. Nimehatarisha kazi yangu kwa ajili yako."

"Ukanificha! Ulijua nikijua nitapiga kelele. Nimemtania Shangazi kwa joto la kitu ambacho hana! Usinipigie tena."

Asubuhi iliyofuata wafagiaji walikaa kwenye ngazi za bweni, ndoo zimefudikizwa. Afisa utawala akaja na gari, akashusha kioo kidogo, barakoa yake nyeupe pepepe.

"Mnawatelekeza wagonjwa. Hamna utu?"

Pilipili akasimama. "Utu umeufungia stoo, mzee. Kaulete. Shangazi yuko wodini anapumulia mashine, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza hali yake!"

Ndipo magurudumu ya mkokoteni yaliposikika. Mtunza stoo aliusukuma, shati limelowa jasho, maboksi yamepandana hadi kidevuni.

"Nani amekuruhusu?" afisa akafoka.

"Hakuna."

"Basi umemwaga unga wako!"

"Najua. Ufunguo wako huu." Akauweka juu ya boneti.

Watu wakapanga foleni. Kwa mazoea, akamnyooshea Pilipili barakoa ya kwanza. Pilipili akakunja mikono.

"Bado hujajifunza?"

Akaenda kusimama nyuma kabisa. Mtunza stoo akagawa, mmoja baada ya mwingine, bila kuinua macho. Alipomfikia, Pilipili alivua kitambaa chake, akaivaa ile nyeupe peke yake.

"Leo naivaa nje," akasema.

"Umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Nakupenda, na nina hasira nawe, vyote kwa pamoja. Shangazi akirudi, mwombe yeye msamaha kwanza. Akikubali, ndipo uje kwa mama kuniposa."

"Na asiporudi?"

Macho ya Pilipili yakajaa machozi, lakini sauti haikuyumba. "Asiporudi, usije."

Mtunza stoo akavua koti la kazi, akalikunja juu ya mkokoteni mtupu.

"Yuko wodi gani?"

"Hawaruhusu mtu kuingia."

"Basi nitasimama getini, nipimwe joto kama wengine."

Pilipili hakucheka. Lakini wodi alimtajia.