Mateka wa Mtani

Kuluthumu binti Mabruki, jirani yetu wa mtaa wa Kanyenye, alikuwa na mdomo ambao soko zima la Tabora liliujua. Baba yake alikuwa Mzaramo aliyeletwa na kazi ya reli, akanogewa na mji, akaoa na kuzikwa hapa hapa. Binti hakuwahi hata kuiona Dar es Salaam, lakini Uzaramo wake aliushikilia kwa mikono miwili kwa sababu ya jambo moja tu: utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wanatukanana na hakuna anayenuna. Mtani akichukua kitu chako humwiti mwizi. Unakikomboa kwa kumpa anachotaka. Na mmoja akifa, mwenzake ndiye wa kwanza kufika msibani, anashika maiti na kuwachekesha wafiwa mpaka kaburini. Sasa mtu wa namna hiyo umweke katika mji uliojaa Wanyamwezi. Kuluthumu alikuwa akienda kununua nyanya asubuhi anarudi adhuhuri, sauti imekauka kwa matusi na vicheko.

Mwaka ule, watu wakiwa wameshahamishiwa vijiji vya ujamaa, mumewe Shomari, fundi magari, alimaliza kuifufua Landrova moja kuukuu. Akatangaza kwamba wataenda nayo Kigoma kupumzika. Watalala nyumba ya wageni kama wakubwa, na Batuli, binti yao wa pekee, ambaye hata meno ya utoto yalikuwa hayajaanza kung'oka, ataoga ziwani. Majirani waliuliza kama treni imefutwa. Lakini mwanamume aliyefufua gari kwa mikono yake humwambii habari za treni. Kuluthumu alinunua doti mpya ya khanga kwa ajili ya ufukweni, akakaanga maandazi ya njiani, wakaondoka alfajiri wakiwa na furaha.

Walipokwisha kuipita Urambo jua lilikuwa limepanda. Barabara iliifuata njia ile ya zamani ya misafara ya Ujiji, katikati ya miyombo, na gari lilianza kulalamika. Mara rejeta ikachemka. Shomari akasimama, akafungua boneti, akarudi nyuma kuukwepa mvuke, kisha akachukua debe kwenda kutafuta maji bondeni.

Mahali waliposimama palikuwa mahame. Nyumba zilikuwa zimeezuliwa, ua wa minyaa umeota ovyo, kinu kimelala ubavu katikati ya kiwanja. Wenyeji walikuwa wamepakiwa kwenye malori wakaenda kuanza upya kwenye kijiji kipya. Mahame kama hayo yalikuwa mengi mkoani, kwa hiyo Kuluthumu hakuona cha ajabu. Nyumba moja tu ilikuwa bado na paa. Mlangoni pake alisimama mwanamume aliyevaa kaniki, mkeka kwapani.

"Mwangaluka, mama," yule mtu alisalimu.

"Mwangaluka. Lakini mimi si wa kwenu, baba. Mimi Mzaramo."

Uso wa yule mtu ulikunjuka. "Nilijua. Kelele zako nimezisikia gari likiwa bado Urambo. Nani kakuruhusu upite njia yangu?"

"Njia yako tangu lini? Babu yako alipita hapa na mzigo wa babu yangu kichwani, tena analia."

Yule mtu akacheka. Mabega yalitikisika, mdomo ulifunguka, lakini sauti haikutoka. Kuluthumu alidhani ana kifua. Furaha ya kukutana na mtani porini ilikuwa imemjaa, hakutaka kutazama sana.

Mtu akasogea, akamshika mkono Batuli aliyesimama kando ya mama yake. "Basi nimekamata. Huyu ni mateka wangu. Mkomboe."

Kuluthumu akamnyooshea andazi.

"Sili," alisema.

"Unataka nini, basi?"

"Unizike. Wenzangu wamehama. Sina mtu."

Hapo mwingine angeinamisha kichwa. Mwingine angesema Mungu akupe umri, baba. Lakini kwenye utani anayenyamaza ndiye aliyeshindwa, na Kuluthumu hakuwa amewahi kushindwa na Mnyamwezi hata mmoja.

"Nikuzike wewe, mgongo wangu uume bure? Nitakutupia fisi, na wao watakutapika. Mchukue mtoto tu. Anakula sana huyo. Ukichoka kumlisha utanirudishia."

"Umesema?"

"Nimesema."

Yule mtu akauachia mkono wa Batuli taratibu, kidole kimoja kimoja, akarudi ndani. Hakuaga.

Shomari alipofika na debe la maji alimkuta mkewe bado anatabasamu. "Nimekusikia tangu bondeni. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mtani wangu. Ameingia pale sasa hivi."

Shomari akatazama ile nyumba yenye paa. Akaisogelea kidogo, akasimama. "Mama Batuli," alisema kwa sauti ndogo, "hapa hajaingia mtu." Utando wa buibui ulikuwa umeuziba mlango wote kutoka juu hadi chini, na hapakuwa na mahali ulipokatika.

Walifika Kigoma kesho yake jioni. Nyumba ya wageni ilikuwa nzuri, ina mashuka meupe na beseni la kunawia chumbani, mambo ambayo Kuluthumu angeyasimulia Kanyenye mwaka mzima. Lakini hakuweza kuyafurahia. Batuli, mtoto aliyeurithi mdomo wa mama yake, hakuwa amesema neno tangu kwenye mahame. Miguu yake ilikuwa imejaa vumbi. Kuluthumu akamwosha kwenye beseni, akamfuta kwa taulo, akamlaza. Asubuhi alipofunua shuka, ile miguu ilikuwa na vumbi mpaka magotini.

Wakampeleka ziwani. Siku ilikuwa nzuri, maji yametulia, watoto wa watu wanarushiana mchanga. Shomari alimbeba bintiye, akaingia naye majini mpaka kiunoni, akamsimamisha. Batuli akayapa maji mgongo. Akasimama akitazama mashariki, kule walikotoka. Hakuogopa, hakucheka. Shomari akamtoa haraka. Maji yalimtiririka nywele na gauni, lakini nyayo zake zilitoka ziwani zikiwa kavu, na zilikuwa na vumbi.

Mchana waliletewa mgebuka, samaki wa ziwa lile, wa kukaanga. Kuluthumu akamega kipande, akakipuliza, akakipeleka mdomoni kwa mtoto.

"Sili," alisema Batuli.

Kipande kikamwanguka Kuluthumu. Akapiga magoti mbele ya mwanawe. "Batuli. Usiku unakwenda wapi, mama?"

"Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Mtoto akamtazama kana kwamba swali lilikuwa la kipuuzi. "Uliyempa."

Daktari aliyeitwa alisema mtoto hana homa. Kweli hakuwa na homa. Alikuwa wa baridi, na kila saa iliyopita baridi ilizidi. Shomari alitaka wabaki karibu na hospitali. Mkewe alikuwa tayari anafunga mzigo.

"Nimemtoa mtoto, Shomari," alinong'ona. "Kwa mdomo wangu huu. Nilidhani tunataniana."

Walirudi bila kupumzika. Karibu na yale mahame walisimama kwenye kijiji kipya cha waliohamishwa, nyumba zimepangwa mistari, na mama mmoja anaanika karanga kando ya barabara. Aliitwa Marcelina. Kuluthumu alipomweleza habari za mtu wa kaniki na mkeka, yule mama aliacha kuanika. Akafanya ishara ya msalaba.

"Huyo ni Limbu," alisema. "Siku ya malori alikuwa hawezi kusimama. Tuliambiwa lori litarudi kumchukua. Tulipouliza, tukaambiwa lilisharudi." Akazitazama karanga zake. "Hatukuuliza tena."

"Twende ukatuonyeshe."

"Siendi, dada. Nitamtazama kwa uso gani?" Lakini akawapa jembe, akafunga na viazi kwenye kitambaa.

Jua lilikuwa utosini walipofika. Batuli walimlaza kiti cha nyuma, anapumua kidogo sana. Shomari akaukata ule utando kwa mpini wa jembe, akaingia, akatoka upesi akiegemea ukuta. Limbu alikuwa kitandani. Au kile kilichobaki cha Limbu, kimelala ndani ya mkeka wake, uso kuelekea mlangoni. Alikufa akisubiri kusikia lori.

"Wewe kaa na mtoto," Shomari alisema. "Mwanamke haendi kaburini."

"Leo siendi kama mwanamke. Naenda kama mtani wake."

Wakachimba kwa zamu. Kuluthumu akatoa ile doti mpya ya khanga, ambayo haikuwa imegusa maji ya ziwa, wakamvika ikawa sanda yake. Wakamshusha. Shomari akaomba dua, akaanza kurudishia udongo. Kuluthumu akakimbilia garini. Mkono wa Batuli ulikuwa mzito. Kifua hakikupanda. Akangoja. Hakikupanda.

Ndipo alipoelewa. Kuzika peke yake hakutoshi. Mtu yeyote anaweza kuzika. Mtani anayezika huku amenyamaza si mtani, na yule mtu alikuwa amemteka mtoto kwa utani.

Akarudi ukingoni mwa kaburi. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake haukuwa na neno. Machozi yalimtoka.

"Limbu," alisema. Sauti ilikuwa ya kunong'ona. "Mzito hivi, na mifupa mitupu. Ulikuwa unakula nini?"

Kimya.

"Umejifunga khanga ya kike. Utawaaibisha wazee wako huko."

Shomari alikuwa ameshika jembe, hathubutu kulishusha.

"Mnyamwezi gani wewe, unayengoja lori?" Sasa alikuwa analia kwa sauti. "Babu zako walikwenda pwani kwa miguu. Wewe umeshindwa kufika pale kwa Marcelina."

Akageuka kulitazama gari. Batuli alikuwa ameketi. Mabega yake yalitikisika, mdomo umefunguka, anacheka, na sauti haitoki. Kisha, polepole, kama redio inayopata moto, sauti ikaja. Ilikuwa sauti ya mwanawe.

"Mama, nina njaa."

Jamani, furaha. Nani angemlaumu? Kuluthumu aliruka, akapiga vigelegele pale pale juu ya udongo mbichi. Na furaha ikaufungua ule mdomo wake, nao ukaenda mbio kuliko akili, kama kawaida yake.

"Umeona, Limbu? Nimekuzika. Mzaramo hashindwi. Na kama unao wenzako walioachwa kwenye njia hii tangu enzi za babu zetu, waambie waje. Waje wote. Nitawafukia mmoja mmoja."

Ndege waliokuwa wakilia porini walinyamaza. Shomari akamshika mkono.

"Kuluthumu," alinong'ona. "Nyamaza."

Akanyamaza. Lakini alikuwa ameshasema.

Batuli alikula viazi vyote vya Marcelina garini, akaongea mpaka Tabora, na miguu yake haikuwa na vumbi tena. Kanyenye walimpokea kwa shangwe. Majuma yalipita. Kuluthumu alipunguza kwenda sokoni, na Wanyamwezi walipomchokoza alicheka kidogo tu akapita. Watu walisema safari imemtia adabu.

Asubuhi moja aliamka kufagia ua. Kwenye mchanga, kutoka mlango wa uani, palikuwa na nyayo. Nyayo za miguu mitupu, visigino vimezama sana, kama vya watu waliobeba mizigo. Zilikwenda kwa mstari mmoja, kila mtu amekanyaga alipokanyaga mwenzake, zikauzunguka mchungwa, zikaishia chini ya dirisha la Batuli. Hapakuwa na za kurudi.

Hakupiga kelele. Alifagia upesi upesi, akazifuta zote, akaingia ndani. Batuli alikuwa ameshaamka, ameketi kitandani wima, mkono wake wa kulia ameuweka mapajani kana kwamba umechoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kuluthumu alikuwa amesikia mnong'ono wake kabla ya kuingia. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Watani wako. Wamenishika mkono, kila mmoja."

"Wamekwenda wapi?"

"Hawajaenda. Wanakungoja uje na jembe." Mtoto akapiga mwayo, akajilaza tena. "Lakini wamesema usianze kwanza, mama. Wa nyuma bado wako njiani."

Kuluthumu akachungulia dirishani. Mchanga alioufagia sasa hivi ulikuwa umekanyagwa tena.