Meza ya Kaka

Jambo hili lilimpata rafiki yangu, fundi wa kompyuta. Mama yake alitamani kusikia tena sauti ya marehemu kifungua mimba wake, iliyobaki kwenye kanda moja tu. Kompyuta yao, yenye mfumo wa Linux, haikuwa na draiva ya sauti, yaani programu ya kuiwezesha itoe sauti, ikabidi fundi aiunde mwenyewe kutoka kwenye msimbo wa programu, kama marehemu kaka yake huyo alivyomfundisha. Kaka, kila draiva ilipokubali, aligonga meza ya kompyuta hiyo mara tatu.

Draiva ikagoma mara mbili.

“Bado, mwanangu?”

“Hailingani na toleo la Linux, mama. Naibembeleza kama mkwe.”

Ikakubali. Kanda ikazunguka kwenye redio-kaseti iliyounganishwa na kompyuta, ikatoa mvumo mtupu. Sauti ilikuwa imefutika. Mama akajifunika uso kwa viganja, akalia. Fundi akazima spika, akaikumbatia kanda kwa mikono miwili.

Katika giza la mapazia yaliyofungwa, wakiwa wawili tu chumbani, meza ikagongwa mara tatu.